Kuchanga, kuchangisha na harambee: nani hasa anatia mkono mfukoni?

Msomaji wa Umoja, Nairobi, anauliza:

Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni katibu wa kikundi cha majirani hapa Umoja. Juzi jirani yetu alilazwa, nikaandika tangazo kwenye WhatsApp hivi: "Mnaalikwa kwa harambee ya bili ya hospitali ya Baba Njeri, Jumapili saa nane. Kila mtu achangishe angalau mia tano. Wale wamechangia tayari, Mungu awabariki." Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Mombasa, alilisoma akacheka hadi akavua miwani. Akaniambia harambee ni ya kuvutia mashua, si ya kulipia hospitali, na kwamba nimewatuma majirani wote wakaombe pesa barabarani. Nimekosea wapi? Na neno la haki ni lipi: harambee, mchango ama changizo?

Jibu:

Dada yangu, mama mkwe wako alikuwa na haki ya kucheka mara moja, si mara mbili. Kwenye "achangishe" amekushinda kabisa. Kwenye harambee, mashua yake na hospitali yako zinavutwa kwa kamba moja, nami nitakuonyesha jinsi gani. Nianze na pale ulipoteleza, maana hapo wanateleza wengi, wakiwemo wasomaji wa habari kwenye redio.

Kitenzi chenyewe ni changa. Anayechanga ndiye anayetia mkono mfukoni: anatoa chake, anakitia palipo na vya wenzake. Hapo nimesema mambo mawili, na la pili ndilo linalosahauliwa. Kuchanga kunataka chungu kimoja. Ukimpa ombaomba wa Barabara ya Tom Mboya shilingi hamsini, hujachanga. Umempa, umemsaidia, umetoa sadaka ukipenda. Tajiri akifika hospitalini Ijumaa akamaliza deni lote la Baba Njeri peke yake, naye hajachanga hata kama ametoa laki tatu. Amelipa. Lakini wewe na majirani wanne mkitoa mia mbili mbili, mkanunua nyama, mkaichoma na kuila wenyewe Jumamosi, mmechanga barabara, ingawa hakuna mnyonge aliyefaidika isipokuwa paka wa ploti. Neno hili halina huruma ndani yake. Lina wingi.

Waswahili wa zamani walikuwa na msamiati mzuri wa jambo hili. Walikula kikoa, yaani walikula pamoja kwa zamu, leo chakula kinatoka kwa huyu na kesho kwa yule. Walikuwa pia na bia, na simaanishi ile ya chupa: bia ni ushirika wa kutoa na kutumia kwa pamoja, ndiyo iliyotuzalia ubia na mbia. Mjini Nairobi bia ya chupa imeisukuma nje ile nyingine, lakini ukitazama vijana wanavyohesabu pesa Ijumaa jioni kabla ya kuagiza, utaona zote mbili bado zinakaa meza moja.

Sasa ongeza herufi moja tu katikati: changia. Hapo mkono bado ni ule ule, uko mfukoni mwa mtoaji, ila sasa tunaonyeshwa unakoelekea. Tumchangie Baba Njeri. Nimechangia ujenzi wa zahanati. "Nimechanga mia tano" ni sentensi iliyoshiba. "Nimechangia mia tano", ikisimama peke yake, inamfanya msikilizaji makini aulize umemchangia nani. Katika kikundi chenu kila mtu anajua ni nani, kwa hiyo hakuna aliyekwama, na mimi nisingekusumbua kwa hilo. Ningekusumbua kidogo kwa "wale wamechangia". Hiyo ni lugha ya stejini, tamu masikioni, lakini kwenye maandishi andika "waliochangia". Tuendelee.

Ongeza sasa -ish-. Changisha. Hapa mkono umehama! Anayechangisha hatoi, anafanya wengine watoe. Ni ule ule utaratibu wa kula na kulisha, kusoma na kusomesha: mama anayelisha mtoto hashibi kwa kijiko kile. Ukitaka mfano wa kwenye matatu, kondakta hulipisha nauli, abiria hulipa. Mwambie abiria "lipisha nauli" uone atakavyokutazama. Wewe katibu ndiwe unayechangisha. Majirani wanachanga. Baba Njeri anachangiwa. Tangazo lako lilisema kila mtu achangishe angalau mia tano, na kama wangekutii neno kwa neno, kila mlango ungefunguliwa Jumapili saa nane, kila mtu angetoka na bakuli, na bakuli zote zingekutana kwenye ngazi zikiwa tupu. Hilo ndilo alilolicheka mama mkwe.

Ingia kwenye hali ya kutendwa uone jinsi kitenzi kimoja kinavyoweza kutoa habari tatu. "Laki mbili zimechangwa": kuna pesa, basi. "Baba Njeri amechangiwa laki mbili": kuna mtu aliyesaidiwa. "Majirani wamechangishwa laki mbili": hapo kuna harufu. Kuna mtu amepita na daftari. Kiambishi -ish- hakisemi kama mtu aliombwa au alilazimishwa, kinasema tu kwamba kuna aliyesababisha, na masikio ya Wakenya yamezoea kusikia ulazima. Nilipokuwa nikihariri habari, kijana mmoja aliandika kichwa "Wazazi wachangishwa kununua basi", na habari yenyewe ilikuwa njema tu, wazazi walijitolea kwa furaha na keki ikakatwa. Asubuhi yake mwalimu mkuu alipiga simu akiwa amewaka moto, akiuliza ni nani aliyemwona akimlazimisha mzazi. Kijana alishika kamusi akasema kitenzi ni sahihi. Kilikuwa sahihi kweli. Lakini tungeandika "Wazazi wachanga wanunua basi" tungekula mchana wetu kwa amani, ingawa nakiri msomaji mwingine angedhani ni wazazi wenye umri mdogo, kwa sababu "wachanga" pia ni wale wasiokomaa. Lugha hii haikosi mtego. "Wazazi wachangia basi" ndiyo ingetuokoa.

Twende kwa harambee, ambayo najua ndiyo inayokuuma zaidi.

Kwa asili harambee si pesa, si hafla, si hata kitenzi. Ni sauti. Ni wito wa watu wenye mzigo mmoja: mashua inayotolewa majini, gogo, nanga, kreti la bandarini. Mmoja anaita, wengine wanaitikia, na kwenye ule mwitiko ndipo misuli yote inapovuta kwa wakati mmoja. Ukitaka kujua thamani ya wito huo, jaribu kusukuma gari lililozimika na watu wanne wasiohesabu pamoja. Kila mtu atasukuma kwa nguvu zake zote na gari halitasogea. Wakishapata wa kuwaita, linasogea, na hakuna aliyeongezeka. Kwa hiyo mama mkwe ana haki: huko kwao neno lilizaliwa kwenye kamba.

Ipo hadithi inayozunguka kwamba neno lenyewe ni la Kihindi, kwamba vibarua waliojenga reli kutoka Mombasa kuanzia 1896 walikuwa wakimwita mungu wao wa kike Ambe, na sisi tukadaka mlio. Wapo Wakristo wanaokataa hata kuitikia kwa sababu ya hadithi hiyo. Mimi hainiingii. Kufanana kwa sauti si nasaba. Kwa kipimo hicho ningekuthibitishia kwamba "mchango" na "mchanga" ni ndugu wa tumbo moja. Watu wa mwambao huu walikuwa wakivuta mashua na kupakia majahazi karne nyingi kabla ya reli, na sidhani walikuwa wakivuta kimya kimya wakisubiri treni iwaletee neno. Haya, hilo ni langu. Wengine wana lao.

Lililo wazi ni kwamba mwaka 1963, nchi ilipokuwa ikipata madaraka na kisha uhuru, Mzee Jomo Kenyatta alilitwaa neno hilo la wavuta kamba akalifanya la taifa. Usinga juu, sauti nzito inavutwa kwenye silabi ya katikati, umati unaitikia. Leo liko kwenye nembo ya taifa, chini ya ngao na simba wawili, na ndani ya ngao yenyewe jogoo ameshika shoka. Timu yetu ya taifa ni Harambee Stars, ya akina dada ni Harambee Starlets, na hapo mjini kuna Harambee Avenue, ambako, nikuambie ukweli, ofisi za serikali zilizopangana hazinifanyi nifikirie mashua.

Lakini usidhani Kenyatta aliwafundisha watu kusaidiana. Wakamba walikuwa na mwethya, Wakikuyu ngwatio, Waluo saga, Wakisii risaga. Ng'ambo ya mpaka, Wapare wana msaragambo. Yote ni kazi ya mikono kwa zamu au kwa pamoja: leo tunalima kwako, kesho tunaezeka kwangu. Neno la pwani lilifanya kazi ambayo maneno hayo hayangeweza: halikuwa la kabila lolote bara, kwa hiyo kila mtu aliweza kuitikia bila kujiona ameingia kwa jirani. Na mwanzoni watu waliitikia kwa mikono kweli. Shule za harambee, zile za sekondari walizojijengea wazazi kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi kwenye za serikali, zilianza kwa mawe yaliyobebwa kichwani, kwa maji ya mitoni, kwa kokoto na mchanga. Siku hizo ungeweza kusema kijiji kimechanga mchanga, na usingekuwa unafanya mzaha.

Pesa iliingia taratibu ikaketi. Mabati hayabebwi kutoka mtoni, yananunuliwa. Mwalimu hali kokoto. Ndipo siku ya kazi ikageuka siku ya mahema: meza mbele, daftari, mshereheshaji mwenye maikrofoni, kuku mmoja anayenadiwa mara sita na kurudishwa kila mara ili anadiwe tena, na mgeni wa heshima anayechelewa saa mbili, kisha anasimama na kutamka ile sentensi ya Kikenya isiyo na mfano: "Mimi na marafiki zangu tumekuja na…" Hao marafiki hawajawahi kuonekana. Hivyo ndivyo jina la kelele za kuvuta lilivyokuwa jina la hafla ya kutoa pesa. Si kosa. Ni vile tunavyosema "kumnunulia mtu chai" tukimaanisha mkate na mayai pia: sehemu imebeba kitu kizima. Kwa hiyo "harambee ya bili ya hospitali" ni Kiswahili halali cha Kenya, na si Kenya tu. Nenda kanisa lolote la Tanzania linalojenga mnara utasikia wakitangaza kuendesha harambee. Mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba mashua imefika nchi kavu.

Neno likibeba pesa hubeba na taka zake. Katika miaka ya 1980 kulikuwa na harambee ambazo wananchi vijijini hawakuwa na hiari nazo. Chifu alipita, na asiyekuwa na pesa angeweza kupoteza kuku au mbuzi. Hapo ndipo "kuchangishwa" kulipopata ile harufu niliyokuambia. Halafu wanasiasa wakagundua kwamba bahasha moja mbele ya umati ina uzito kuliko hotuba kumi. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilijaribu kuwazuia maafisa wasitumie vyeo vyao kuchangisha. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana na kuuliza pesa zile za Jumapili hutoka wapi, Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma hawatashiriki tena harambee, akamwagiza Mwanasheria Mkuu atayarishe sheria. Mimi ni mtu wa maneno, si wa siasa, nami nilichokitega sikio ni hiki: tangu hapo nimesikia hafla zinazofanana na zile za zamani, mahema yale yale na bahasha zile zile, zikiitwa za "kuwezesha". Neno likichafuka halifuliwi, linabadilishwa. Kitenzi nacho kimebadilika: kuwezesha hakuna chungu ndani yake. Kuna anayetoa kutoka juu na anayepokea chini, na swali la nani hasa katia mkono mfukoni limefunikwa vizuri.

Hiyo ndiyo sababu mimi, nikialikwa, huangalia kitenzi kabla ya kuangalia tarehe.

Umeuliza pia kuhusu mchango na changizo. Mchango ni kile kinachotoka mkononi mwa mmoja, ama jumla ya vilivyotoka: mchango wangu, michango yenu. Unafuata ngeli ya mti, mchango huu, michango hii. Changizo, wingi machangizo, limetokana na changiza, ambalo ni umbo jingine la changisha, kwa hiyo kwa asili yake linaegemea upande wa anayeomba: ni zoezi la kukusanya. Tofauti hiyo ndogo inafaa kutunzwa. "Changizo litafanyika Jumapili, mchango wako utapokelewa na mweka hazina." Ukiligeuza, ukasema mchango utafanyika Jumapili, hutakosa wa kukuelewa, na magazeti yetu huandika hivyo kila wiki. Ni suala la ladha tu. Changizo lina suti na tai. Harambee ina ngoma. Mchango unakaa popote. Tangazo la mtaani mimi ningelipa mchango au harambee, barua kwa mwajiri wa Baba Njeri ningeipa changizo.

(Na ukienda kwa mama mkwe Mombasa ukamsikia akisema mtoto wa jirani ana mchango, usiseme hongera. Mchango pia ni minyoo ya tumboni. Anahitaji dawa.)

Kuna matumizi mengine ya kuchangia ambayo nikiyasoma hunikereketa, nami sitajizuia kwa vile umenifungulia mlango. "Ulevi ulichangia ajali hiyo." "Ukame umechangia njaa." Ukame umetia mkono mfuko gani? Anayechangia huleta kitu chake kwenye jambo ambalo wenzake wanalitaka. Ndiyo maana naridhika kabisa na mchango wa Shaaban Robert katika fasihi ya Kiswahili: alikuja na vyake, akatia chunguni, tukala sote. Naridhika na mbunge anayechangia hoja, ingawa wengine huchangia kelele. Lakini ulevi haukualikwa. Sema ulisababisha ajali, au kama hutaki kuutwisha lawama yote, sema ulikuwa mojawapo ya sababu, au ulizidisha hatari. Mafundi wa habari watakuambia vita hivi vimekwisha na mimi nimeshindwa. Huenda. Bado nitakufa na kalamu nyekundu.

Kwa kuwa kikundi chenu, kama vikundi vyote vya Nairobi, lazima kina shemeji wa Arusha au shangazi wa Tanga, angalieni maneno yanayobadilika yakivuka Namanga. Rambirambi kwetu ni maneno: tunatuma rambirambi, yaani tunasema pole. Huko Tanzania rambirambi ni pesa mkononi, inahesabiwa na kuandikwa. Nimewahi kuona familia ya Nairobi ikiandika "tunapokea rambirambi zenu", wakitaraji jumbe za faraja, na mkwe wa Moshi akauliza azitume kwa namba gani. Hakuna aliyelia kwa kosa hilo. Pwani utasikia ubani, nao vilevile si wa kufukiza tu, ni pesa ya kuwashika mkono waliofiwa. Na kile chama chenu cha kuzungushiana pesa, mwezi huu kwako, mwezi ujao kwa mwingine, wao wanakiita upatu au mchezo. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam unachangia chama anaweza kudhani umejiunga na siasa.

Jambo la mwisho kabla ya kuliandika upya tangazo lako ni simu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, harambee imepoteza sauti. Mahema hayahitajiki, wala kuku, wala mgeni wa heshima. Julai 2011 ilipotangazwa kampeni ya Kenyans for Kenya kuwachangia waliokumbwa na ukame kaskazini, lengo la kwanza likiwa shilingi milioni 500, watu walituma wakiwa kwenye foleni za benki, kwenye matatu, kitandani. Hakuna aliyeita, hakuna aliyeitikia, mashua ikasogea. Kitenzi cha zamani kikaingia hata kwenye jina la huduma ya mtandaoni, M-Changa, na hapo waliotunga walichagua vyema: hawakuiita M-Changisha, wakampa heshima anayetoa.

Ila simu imetuletea ugonjwa wake wa sarufi. Ile orodha ya WhatsApp, namba moja hadi arobaini, kila jina na kiasi chake: nusu ya hao hawajachanga. Wameahidi. Kiswahili kina "amechanga" na "ameahidi", na ni maneno mawili yenye umbali wa miezi sita kati yao. Kwenye harambee ya mahema mtu aliahidi mbele za watu na aibu ikamfuata nyumbani. Kwenye simu anaandika elfu mbili, anaweka alama ya mikono iliyoshikana, anazima data. Mweka hazina wako aandike safu mbili. Jina lisivuke kutoka safu ya ahadi kwenda ya mchango mpaka ujumbe wa M-Pesa uwe umeingia.

Na kwa sababu watu mjini wamewahi kutumia picha ya mgonjwa wasiyemjua kukusanyia pesa zao wenyewe, majirani wana haki ya kuuliza. Wakikuuliza jina la hospitali na kiasi cha deni, usikasirike. Wanaogopa kupigwa changa la macho, na hilo changa, dada yangu, halina uhusiano na kuchanga: ni ule mchanga wa kokoto, umetiwa ukubwa, ukarushwa usoni. Ingawa mara nyingine vyote viwili vimefika kwa bahasha moja.

Mia tano yako nayo ingali inanisumbua. "Angalau mia tano" inamfungia nje mama mboga wa chini ya ngazi aliyekuwa na mia moja. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hilo "usambe" ni "usiseme" la zamani, wala si kosa la chapa kama mwanafunzi wangu mmoja alivyodhani akalisahihisha. Ukiweka kiwango cha chini umegeuza mchango kuwa ada. Kama ni ada iwe ada, iandikwe ada, kwa wanachama peke yao. Kama ni mchango, acha mkono uamue wenyewe.

Basi lingeandikwa hivi, na hili mpelekee mama mkwe alisome akiwa na miwani:

"Majirani wapendwa, jirani yetu Baba Njeri amelazwa na deni la hospitali limezidi uwezo wa familia. Tumeandaa harambee Jumapili saa nane mchana uwanjani, tupate kumchangia. Kila mmoja achange alicho nacho. Asiyeweza kufika atume kwa namba ya mweka hazina iliyo hapa chini. Kila mchango utaandikwa na hesabu itasomwa jioni hiyo hiyo. Waliokwisha kuchanga, tunawashukuru. Katibu, kwa niaba ya kamati ya kuchangisha."

Umeona? Wao wanachanga, yeye anachangiwa, ninyi wa kamati mnachangisha. Ila na ninyi kamati msisahau kuchanga. Majirani huanza kusoma orodha kwa kutafuta jina la katibu.